Msasani hadi Kilifi kwa betri moja: umeme wa boti, siku kwa siku

Siku ya 1. Msasani, kwenye nanga

Boti ni ya matanga, ya fibaglasi, urefu mita 10, na injini ndogo ya dizeli yenye altaneta ya ampea 50. Betri za matumizi ni mbili za AGM, yaani za risasi zilizozibwa, zisizoongezwa maji, kila moja ampea-saa 100. Ya tatu ni ya kuwashia injini tu, haichanganywi na hizo. Juu ya shetri, nyuma ya boti, kuna paneli mbili za jua za wati 100 zilizofungwa sambamba (chanya kwa chanya, hasi kwa hasi), zote zinapita kwenye chaji kontrola moja ya MPPT, kifaa kinachosimamia chaji ya jua kwenda betrini. Ni Julai, kusi, upepo wa msimu utokao kusini, imeshakaza, na njia ni ya kwenda na upepo: Unguja, Pemba, Tanga, Shimoni, kisha Kilifi.

Betri zilishushwa nchi kavu tangu juzi, zikajazwa chaji, zikaachwa kila moja peke yake usiku kucha. Kuzitenganisha ni lazima, kwa sababu betri mbili zilizofungwa pamoja husomeka sawasawa hata kama moja imeoza. Asubuhi moja ilisoma volti 12.7, nyingine 12.4. Kipimo hicho kinatia shaka tu, bado hakijathibitisha kitu. Uthibitisho unaletwa na mzigo. Chukua bulbu ya taa kubwa ya gari ya wati 55. Inavuta karibu ampea 5, na huo ndio mzigo ambao betri ya ampea-saa 100 hupimiwa kiwandani, wa kuimaliza kwa saa 20. Baada ya saa nne za bulbu, betri ya kwanza ilikuwa bado 12.4. Ya pili ilishapita chini ya 12 kabla saa ya nne haijaisha, maana yake imebaki na nusu ya uwezo wake au chini ya hapo.

Mbovu ikaachwa nchi kavu. Wengi wangeirudisha kwa hoja kwamba nusu ni bora kuliko sifuri, lakini betri dhaifu iliyofungwa sambamba na nzima hunyonya nzima usiku kucha, na wakati wa chaji hupata moto. Kufunga mpya kando ya ya zamani pia ni hasara, kwani mpya huzeeka haraka. Betri ya gari ndiyo mbaya kuliko zote kwa kazi hii, maana sahani zake ni nyembamba, zimetengenezwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache.

Hesabu ikapigwa upya. Betri ya risasi inayotakiwa kudumu haishushwi chini ya nusu, kwa hiyo ampea-saa 100 ni 50 za kutumia. Friji ya lita 45 inavuta ampea 4, na kwa joto la pwani kompresa huzunguka karibu nusu ya siku: ampea-saa 48. Friji peke yake imemaliza mfuko. Autopailoti, mashine inayoshika usukani yenyewe, kwa wastani wa ampea 2.5, ni 60 kwa saa 24. Skrini ya ramani ni ampea 1, redio ya VHF ya mawasiliano ya baharini ikisikiliza tu 0.4, AIS, inayoonyesha meli za karibu kwenye skrini, 0.3, kipima kina na kipima upepo pamoja 0.3. Taa ya nanga ya LED ni 0.15, ya zamani yenye bulbu ya wati 10 ingekula zaidi ya mara tano. Upande wa mapato, paneli mbili chini ya mawingu ya kusi huleta ampea-saa 50 hadi 60 kwa siku, ikiwa hakuna kivuli.

Uamuzi: friji inawashwa saa 3 asubuhi na kuzimwa saa 10 alasiri, wakati jua linalipa gharama zake lenyewe. Usiku inakaa imefungwa, ndani mna chupa nne za maji yaliyogandishwa. Chai na wali ni vya jiko la gesi. Birika la umeme la wati 1000 kupitia inverta, kigeuzi cha umeme wa betri kuwa wa nyumbani, lingevuta karibu ampea 95 kwenye betri, na hakuna betri ya ukubwa huu inayostahili adhabu hiyo.

Kazi ya mwisho ya siku ndiyo iliyofichua mengi. Washa mzigo wa ampea 10, weka ncha moja ya multimita juu ya kichwa chenyewe cha betri na ncha ya pili juu ya lagi, kile kichwa cha chuma cha mwisho wa kebo, iliyofungwa hapohapo. Usomaji unapaswa kuwa mdogo sana, sehemu chache za mia za volti moja. Kwenye upande hasi ulikuwa 0.4. Kwa macho ile lagi ilikuwa safi. Ilipokatwa, shaba ndani ilikuwa nyeusi kwa sentimita nne kurudi nyuma. Waya wa shaba tupu hunyonya unyevu wa chumvi kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa, ndiyo maana kwenye boti hutakiwa shaba iliyopakwa bati, lagi ya kubanwa kwa koleo yake, na mpira wa kusinyaa wenye gundi ndani. Kulehemu kwa risasi bila kubana hakufai. Waya hugeuka mgumu pale risasi inapoishia, na mtikisiko huukatia hapohapo.

Siku ya 2. Msasani hadi Mji Mkongwe

Karibu maili 40 za baharini. Boti za abiria ziendazo kasi kati ya Dar es Salaam na Unguja hupita mkondo huu kutwa, kwa hiyo redio kwenye chaneli 16, ya wito na dharura, si pambo. Jaribio la kwanza la kuongea kwa nguvu ya wati 25: kitufe kikabonyezwa, skrini ya redio ikazimika, ikawaka upya. Kwa wati 1 redio ilifanya kazi bila shida.

Dalili hii hupelekea watu kununua redio mpya. Redio haina kosa. Ikisikiliza inavuta chini ya nusu ampea; ikitoa sauti kwa wati 25 inavuta ampea 5 na nusu. Waya wake ni wa milimita za mraba 1.5, umbali wa mita 9 kutoka kwenye betri, na umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 18. Zidisha mita kwa 0.0175, gawanya kwa unene: ukinzani ni omu 0.21. Mara ampea 5.5, volti 1.15 zimepotelea njiani. Kishikio cha fyuzi kilichoota kutu ya kijani kiliongeza hasara ya volti 0.8. Betri ilikuwa 12.5, redio ikapata 10.5 na ushei, nayo ikajizima kujilinda.

Waya ulibadilishwa kwa wa milimita 6 usiku huohuo mbele ya Mji Mkongwe, na hasara ikashuka hadi volti 0.3. Fyuzi ya ampea 10 ikawekwa ndani ya sentimita 20 kutoka kwenye betri. Fyuzi hulinda waya usiwake moto, kwa hiyo ukubwa wake hufuata waya. Anayeweka ya 30 kwa sababu ya 10 inaungua kila mara ameamua kwamba waya ndio uungue badala yake.

Plagi ya antena chini ya mlingoti ilifunguliwa wakati huohuo: ndani maji. Ikakatwa, ikafungwa mpya, ikazungushiwa tepu ya mpira inayojishika yenyewe, kuanzia chini kwenda juu ili mikunjo imwage maji kama makuti ya paa.

Siku ya 3. Kwenda Nungwi

Upepo wa nyuma kulia, tanga kubwa limeachiwa kushoto, na jua limetoka mapema. Siku nzuri ya kuchaji, ungedhani. Hadi saa 4 asubuhi kontrola ilionyesha ampea 4. Jana nangani, kabla ya kuondoka Msasani, saa hiyohiyo na mawingu zaidi, ilikuwa 8.

Hapa pwani yetu ina jambo lake ambalo vitabu vya wazungu wa Mediterania havilisemi. Mwezi wa Julai jua liko kaskazini mwetu, na anayekwenda na kusi anaelekea kaskazini, yaani jua liko omoni, mbele ya boti. Kivuli cha tanga na mlingoti kinaanguka shetrini, juu ya paneli. Asubuhi jua la kaskazini-mashariki hutupia kivuli kwenye paneli ya kushoto, alasiri linahamia ya kulia. Ajabu ni kwamba ukirudi kusini na kaskazi, Desemba au Januari, jua nalo limeshahamia kusini, kwa hiyo liko omoni tena. Boti inayofuata pepo za msimu kwenye pwani hii hubeba kivuli chake mgongoni kwenda na kurudi.

Na kivuli kidogo hakipunguzi kidogo. Paneli ya kawaida ina seli 36 zilizoungana mfululizo, zimegawanywa makundi mawili kwa dayodi. Kamba nene ikifunika seli chache za kundi moja, kundi zima hurukwa na paneli hubaki na volti kama 9. Betri ni 12 na zaidi. Paneli iliyofungwa sambamba katika hali hiyo haiingizi kitu, ingawa nusu yake inameremeta juani.

Dawa ilikuwa kufungua paneli moja na kuilaza mbele ya mlingoti, imefungwa kwa kamba pembe nne, na kebo ya mita 10 ya milimita 6 ikipita kando ya sitaha. Hasara ya kebo ni kama volti 0.3. Mbele kuna kukanyagwa na kuna mawimbi, lakini hakuna kivuli. Saa 7 mchana kontrola ilisoma ampea 9.

Siku ya 4. Nungwi hadi Mkoani

Mlango kati ya Unguja na Pemba ulikuwa na bahari ya kukatana, mkondo ukivuta kaskazini na mawimbi yakija ubavuni. Autopailoti ilipanda kutoka ampea 2 hadi 4.5 na kulia bila kupumzika. Mashine hii hula umeme kila inaposukuma usukani, na boti iliyozidiwa tanga hutaka kugeukia upepo kila dakika. Tanga kubwa likapunguzwa kifungo kimoja. Kasi ilipungua robo ya noti (noti ni maili moja ya baharini kwa saa), umeme ukarudi ampea 2.5. Nahodha anayejua kusawazisha matanga yake ana betri kubwa kuliko jirani yake.

Kisha saa 8 mchana boti ikaanza kukunja kushoto polepole, digrii 15. Dira ya autopailoti iko ndani ya kabati la kulia, na mtu alikuwa ameweka spika ya bluetooth juu ya kabati hilo. Sumaku. Mita moja ndiyo umbali mdogo wa kuweka spika, simu au kisu cha chuma. Waya za umeme mkubwa zinazopita karibu na dira nazo zisokotwe pamoja, chanya na hasi, ili sumaku zao ziuane.

Siku ya 5. Mkoani

Mvua kutwa. Paneli zimeleta ampea-saa 18, friji haikuwashwa.

Injini iliendeshwa saa moja na nusu. Altaneta imeandikwa 50, ikishapata moto hutoa kama 28, na baada ya saa ya kwanza ilishuka hadi 12 bila hitilafu yoyote. Betri ya risasi hupokea haraka ikiwa tupu, kisha inajibana. Asilimia 20 ya mwisho huchukua saa nne au tano hata ukiwa na jenereta ya meli. Kwa hiyo injini ni ya kujaza chini, jua ndilo la kumalizia juu. Mpangilio wa kontrola uliangaliwa pia: volti 14.4 ni za betri yenye nyuzi 25. Ndani ya boksi mlikuwa na nyuzi 35, na kila nyuzi moja juu ya 25 hupunguziwa volti 0.03, kwa hiyo 14.1. Kontrola isiyo na kipima joto betrini hujaza kupita kiasi kila siku, na AGM iliyokauka maji haina kizibo cha kuyarudishia.

Siku ya 6. Mkondo wa Pemba, hadi Tanga

Maili kumi nje ya Pemba skrini ya ramani ikabaki na picha bila takwimu. Kina, upepo, AIS, vyote vimekwenda kwa pamoja. Vitu vitatu haviharibiki sekunde moja. Kilichoharibika ni kile vinachoshiriki, yaani NMEA 2000, mtandao wa waya unaoviunganisha na skrini.

Kipimo chake ni kimoja. Zima umeme wa mtandao, pima omu kati ya waya mweupe na wa bluu. Ukipata 60, vizuizi viwili vya mwisho, vya omu 120 kila kimoja, vipo na njia ni nzima. Ukipata 120, kimoja kimepotea au njia imekatika katikati. Ukipata 40, mtu ameongeza cha tatu. Multimita ilisema 120. Viungo vya T vilifunguliwa kimoja kimoja kutoka omoni. Cha nne, chini ya benchi la shetri, kilikuwa na pini moja iliyoliwa na chumvi hadi ikabaki kisiki. Kiliondolewa, njia ikaunganishwa moja kwa moja, kipima upepo kikaachwa nje. 60. Picha ikajaa takwimu.

Kwa saa mbili za matengenezo boti iliongozwa na simu yenye ramani zilizohifadhiwa ndani, dira ya kawaida, na redio ya mkononi ya wati 5. Hiyo ya mkononi hufika maili tatu hadi tano. Antena ya juu ya mlingoti kumi na tano na zaidi. Simu na redio ya mkononi ziwe zimechajiwa kabla ya kutoka, si baada ya skrini kuzimika.

Siku ya 7. Tanga mjini

Madukani kuna waya wa nyumba wa milimita 2.5 kwa wingi, wenye uzi mmoja mnene. Haufai, kwa mtikisiko huvunjika ndani ya ganda lake na nje huoni kitu. Kebo ya mashine ya kuchomelea ina nyuzi nyingi laini na inafaa kwa viungo vifupi vya betri, ikizibwa vizuri ncha zake, maana haijapakwa bati. Zilinunuliwa mita 2, fyuzi za akiba, na mafuta ya mgando ya kupaka vichwa vya betri. Mafuta hupakwa baada ya kukaza nati. Ukipaka kabla yake, utabaki na grisi kati ya metali mbili.

Siku ya 8. Tanga hadi Shimoni

Mihuri ya kutoka Tanzania na ya kuingia Kenya. Pampu ya ngama, chini kabisa ya boti maji yanapokusanyika, ilijiwasha kila dakika sita: si tundu, ni maji ya bomba lake lenyewe yakirudi chini pampu ikizima, yakainua boya, pampu ikawaka tena. Ampea 3 kwa sekunde kumi, mara 240 kwa siku, ni ampea-saa 2 za bure. Bomba lilipandishwa kwa mkunjo karibu na pampu, juu ya mstari wa maji, ili maji yaliyovuka mkunjo yatoke nje na machache tu yarudi. Waya wa pampu hii unatoka betrini moja kwa moja na fyuzi yake, haupiti swichi kuu, ili boti isizame kwa sababu mtu alizima umeme akaenda mjini.

Siku ya 9 na usiku wake. Shimoni hadi Kilifi

Karibu maili 70. Kutoka kwenye miamba ya Wasini kunahitaji mwanga na kuingia hori la Kilifi kunahitaji mwanga, kwa hiyo katikati ni usiku mzima juu ya betri moja. Nanga ilipanda saa 11 jioni, betri imejaa, friji imezimwa tangu saa 10.

Bajeti ya saa 12, kwa ampea-saa: autopailoti saa sita tu, zilizobaki usukani wa mkono kwa zamu, 15. Skrini ikiwa imefifishwa, 0.6 badala ya 1, kwa hiyo 7. VHF 5, AIS 4, kina 3, taa 6, simu 3. Jumla 43 kati ya 50 zinazoruhusiwa. Hakuna nafasi ya mtu kusahau taa ya jikoni.

Saa 12 jioni betri ikiwa na mzigo ilisoma 12.7. Saa 1 usiku taa ya rangi tatu juu ya mlingoti ikawashwa, na meli mbili zilizokuwa kwenye skrini ya AIS zikatoweka. Ikazimwa, zikarudi. Taa nyingi za LED zina saketi ndani inayopiga kelele ya redio, na hii iko kando ya antena. Jaribio la kuthibitisha: fungua kizuia kelele cha VHF hadi mvumo unaanza tu kusikika, kizungushe nyuma kidogo unyamaze, kisha washa taa. Mvumo ukirudi, mkosaji ni taa. Chombo cha chini ya mita 20 kinaruhusiwa kutumia taa za chini, nyekundu, kijani na ya nyuma, badala ya ile ya juu. Zikawashwa hizo, na AIS ikabaki macho.

Mkesha wa macho haukupungua kwa hilo. Ngalawa na mitumbwi ya wavuvi haina AIS, na nyingi huinua tochi pale tu unapokaribia kuigonga. Skrini inafifishwa si kwa betri tu. Jicho lililozoea mwangaza wake halioni tochi.

Saa 4 usiku, 12.5. Mbele ya Mombasa, meli zinazongoja Kilindini zilikuwa zimewaka kama mji, redio ikatumika mara tatu kwa wati 25 na haikuzimika. Saa 8 usiku, 12.3. Hapo autopailoti ilitakiwa kushika zamu yake ya mwisho, ikaahirishwa saa moja. Saa 11 alfajiri, 12.2 mzigo ukiwepo. Betri inayofanya kazi husoma chini kidogo kuliko iliyopumzika, kwa hiyo nusu ilikuwa bado haijafikiwa.

Siku ya 10. Kilifi

Nanga ndani ya hori saa 2 asubuhi. Autopailoti, skrini na AIS zikazimwa, plagi zote za nje zikamwagiwa maji yasiyo na chumvi na kukaushwa kabla chumvi haijakauka humo. Betri iliachwa nusu saa bila mzigo kabla ya kusomwa: 12.3. Tanga likiwa limekunjwa hapakuwa na kivuli, paneli ya mbele ikarudishwa shetrini, zote mbili zikaelekezwa kaskazini. Saa 5 kontrola ilikuwa inaingiza ampea 10, betri iko 13.6 na inapanda, na friji ikawashwa.